Uingereza ilipobana bajeti, pochi ya mama ndiyo iliyokatwa

Mwezi wa Novemba 2018 nilikuwa nimekaa katika ofisi moja ya ushauri, mashariki mwa London, kati ya mama mmoja mzaliwa wa Lamu na karani wa Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa ukalimani. Tangu kalamu iliponitoa nyumbani nikaja kuomba hifadhi katika nchi hii, kazi hiyo ndiyo iliyonilipia kodi ya nyumba kwa miaka kadhaa, na ndiyo iliyonifundisha mambo ambayo nisingeyajua kwa kusoma magazeti ya huku peke yake.

Karani alisema maneno machache tu: mtoto wa tatu hahesabiwi. Nikayafikisha kama yalivyo. Mama akanitazama, kisha akamtazama mtoto mwenyewe, wa miezi mitano, aliyekuwa amelala mapajani mwake. Akauliza: "Hahesabiwi vipi, kaka, nami ninaye hapa?"

Swali hilo nililifikisha upande wa pili wa meza. Karani akajibu kwa upole kwamba si yeye aliyeitunga sheria. Na kweli, hakuitunga yeye.

Sheria yenyewe ilitangazwa Julai 2015 na aliyekuwa Waziri wa Fedha, George Osborne, ikaanza kutumika tarehe 6 Aprili 2017. Ilisema kuwa mtoto wa tatu na kuendelea, akizaliwa siku hiyo au baada yake, mzazi wake haongezewi kitu katika fungu la mtoto la Universal Credit, yaani yale malipo ambayo serikali huwapa wenye kipato kidogo. Hapa tusichanganye mambo, kwani hata huku wengi wanachanganya. Ile posho ya watoto ya kila wiki haikuguswa na kikomo hicho. Iliendelea kulipwa kwa kila mtoto. Kilichozuiwa ni fungu lililo kubwa zaidi. Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2024/25 lilikuwa Pauni 287 na peni 92 kwa mwezi, sawa na kama Pauni 3,455 kwa mwaka, kwa mtoto mmoja.

Hoja ya serikali ilikuwa kwamba familia zinazopokea msaada zinapaswa kupiga hesabu kabla ya kuzaa, kama wanavyopiga wale wanaoishi kwa mishahara yao. Hoja hiyo inasikika vizuri masikioni, na nimewasikia hata Waswahili wenzangu wakiiunga mkono kwenye mabaraza yetu. Lakini inachukulia kwamba anayepokea msaada hafanyi kazi. Mama yule wa Lamu alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kwenda kusafisha wodi za hospitali. Wala hakuwa peke yake. Takwimu za serikali yenyewe za Aprili 2024 zilionesha kuwa kaya zilizoguswa na kikomo hicho zilikuwa 440,000, zenye watoto milioni 1.6 ndani yake, na kati ya kaya hizo asilimia 59 zilikuwa na angalau mtu mmoja anayefanya kazi. Wasomi wa vyuo vikuu walipochunguza kama watu wameacha kuzaa kwa ajili ya sheria hiyo, walikuta kuwa uzazi ulipungua kidogo sana. Umasikini ndio uliozidi.

ALIYEPIGANIA FEDHA ZIFIKE KWA MAMA

Ili kuelewa kwa nini punguzo la bajeti linampata mwanamke kwanza, inabidi turudi nyuma kidogo. Alikuwepo mbunge mmoja wa Uingereza, Bi Eleanor Rathbone, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alipigania kitu kimoja: serikali imlipe mama kwa ajili ya watoto. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inamalizika, muswada ukafika Bungeni mwaka 1945, lakini uliandikwa kwamba fedha apewe baba. Bi Rathbone akatishia kuupinga muswada alioutafuta maisha yake yote. Wabunge wakaubadilisha, fedha zikawa za mama. Alifariki Januari 1946, na malipo ya kwanza yakatoka Agosti mwaka huo huo: shilingi tano kwa wiki kwa kila mtoto, isipokuwa wa kwanza.

Msomaji atazame hapo vizuri. Mwaka 1946, nchi ikiwa imebomolewa na mabomu na chakula kinagawiwa kwa vibali, serikali iliona kuwa mtoto wa kwanza familia inaweza kumlea yenyewe, ila inahitaji kusaidiwa kwa wa pili, wa tatu na wa nne. Mwaka 2017, nchi ikiwa tajiri mara nyingi zaidi, hesabu ikageuzwa juu chini: wasaidiwe wawili wa mwanzo, wanaofuata wajitegemee.

Na je, kuna tofauti gani fedha zikipitia mkono wa baba au wa mama? Nyumba si moja? Swali hilo lilipata jibu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Uingereza ilibadilisha utaratibu wake, nafuu ya kodi iliyokuwa ikiingia katika mshahara wa baba ikaondolewa, na badala yake ikaja posho anayolipwa mama. Wanauchumi watatu waliochapisha utafiti wao mwaka 1997 walitazama familia zilinunua nini kabla na baada ya mabadiliko hayo. Fedha zilipohamia kwa mama, matumizi ya nguo za wanawake na za watoto yalipanda yakilinganishwa na ya nguo za wanaume. Bibi zetu wa pwani wangewaambia hayo bila utafiti.

HESABU ZA MWAKA 2010

Msukosuko wa mabenki wa mwaka 2008 uliiacha Uingereza na nakisi ya bajeti iliyofikia kama asilimia 10 ya pato la taifa. Serikali ya mseto ya David Cameron na Nick Clegg iliyoingia madarakani Mei 2010 ikasema dawa ni kubana matumizi. Tarehe 22 Juni Bwana Osborne akasoma bajeti ya dharura. Posho ya watoto ikasimamishwa isipande kwa miaka mitatu. Msaada wa Pauni 190 kwa wajawazito ukafutwa kuanzia Januari 2011. Msaada wa uzazi wa Pauni 500 kwa wenye kipato kidogo ukabakizwa kwa mtoto wa kwanza tu, kana kwamba wa pili anazaliwa na nepi zake. Mishahara ya watumishi wa umma wanaopata zaidi ya Pauni 21,000 ikazuiwa kupanda kwa miaka miwili, na katika watumishi hao wanawake ni karibu thuluthi mbili: wauguzi, walimu, wahudumu wa wazee, wapishi wa shule.

Maktaba ya Bunge ilipoombwa na upinzani ipige hesabu ya nani analipa, ilikuta kuwa kati ya Pauni bilioni 8 hivi ambazo serikali ingepata kutokana na mabadiliko ya kodi na misaada, karibu bilioni 6 zingetoka mifukoni mwa wanawake. Wapo waliosema hesabu hiyo si ya haki, kwa vile fedha za mama huliwa na nyumba nzima. Nami nasema hiyo ndiyo hatari yenyewe. Ukimkata mama hujamkata mtu mmoja.

Kinachostaajabisha ni kwamba serikali ilikuwa imeonywa na mtu wake. Theresa May, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani na pia wa masuala ya wanawake, alimwandikia barua Bwana Osborne tarehe 9 Juni 2010, wiki mbili kabla ya bajeti, akitahadharisha kwamba makato yanaweza kuwaumiza zaidi wanawake, wazee, walemavu na watu wa makabila ya wachache. Barua ikavuja magazetini miezi miwili baadaye. Jumuiya ya kutetea wanawake ya Fawcett Society ikaenda mahakamani kudai kuwa bajeti ilitungwa bila kupimwa athari zake kwa usawa. Serikali ilikiri kwamba katika maeneo mawili tathmini ilipaswa kufanywa, lakini Desemba 2010 mahakama ikakataa kuisikiliza kesi. Miaka saba baadaye Maktaba ya Bunge ikarudia hesabu yake kwa muongo mzima: asilimia 86 ya mzigo wa mabadiliko hayo ya kodi na misaada tangu 2010 ilikuwa imebebwa na wanawake. Aliyekuwa Waziri Mkuu wakati kikomo cha watoto wawili kinaanza kazi, Aprili 2017, ni yule yule Bi May mwenye barua.

PENI 40

Makato mengine hayaonekani kwa sababu hayana siku yake. Mwaka 2010 posho ya mtoto wa kwanza ilikuwa Pauni 20 na peni 30 kwa wiki. Kufikia Machi 2020 ilikuwa Pauni 20 na peni 70. Miaka 10, nyongeza peni 40. Katika muda huo kodi ya ongezeko la thamani ilipanda kutoka asilimia 17.5 hadi 20, na maziwa, umeme na nauli ya basi havikumngoja mtu. Hakuna mwandishi wa habari anayeitwa kwenye mkutano kuambiwa kuwa leo hakuna kilichopanda, na kwa hiyo hakuna habari. Mama ndiye anayeiona habari hiyo, dukani, anaporudisha kitu kimoja kwenye rafu.

Universal Credit nayo iliingia kuanzia 2013 ikakusanya misaada sita kuwa malipo mamoja, mara moja kwa mwezi, katika akaunti moja ya nyumba. Anayeomba kwa mara ya kwanza husubiri wiki tano. Katika nyumba yenye amani huenda hilo lisiwe neno. Lakini katika nyumba ambayo mume anashika kila senti, zile fedha za mtoto alizopigania Bi Rathbone zinaingia mkononi mwa mtu ambaye mke anamkimbia. Mgawanyo wa malipo unaruhusiwa kwa maombi maalumu, nami nimewahi kukaa na mwanamke akielezwa haki hiyo. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama barua itakwenda nyumbani. Alipoambiwa kuwa mumewe ataona malipo yamepungua, akasema basi tuache. Mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya umasikini, Profesa Philip Alston, aliyeizuru nchi hii Novemba 2018, alifika kusema kuwa hata kundi la watu wanaowachukia wanawake wangekaa pamoja kupanga mfumo, wasingepata mawazo mengi zaidi ya yale yaliyokwisha kutekelezwa.

Kuna jambo jingine katika kikomo cha watoto wawili ambalo ukalimani wake sikuutamani kamwe. Sheria iliacha nafasi kwa mtoto aliyepatikana bila ridhaa ya mama. Kwa maneno mengine, mwanamke aliyebakwa angeweza kulipwa kwa ajili ya mtoto wa tatu, lakini kwanza aeleze hali yake kwa mtu wa tatu kama mfanyakazi wa afya au wa ustawi wa jamii, naye athibitishe kwenye fomu. Na asiwe anaishi na aliyemtenda. Katika Kiswahili chetu jambo hilo mama humwambia nani? Mkalimani mwenyewe mwanamume, tena anayesali naye msikiti mmoja na kaka yake? Niliwahi kuomba nibadilishwe aletwe mkalimani wa kike. Ofisi haikuwa naye siku ile, na mama akaondoka na fomu tupu.

KITUO KILICHOFUNGWA

Si makato yote yanakuja kwa njia ya fedha taslimu. Kuanzia 1999 serikali ya wakati ule ilianzisha Sure Start, vituo vya watoto wadogo na wazazi wao katika mitaa masikini. Kufikia 2010 vilikuwa zaidi ya 3,600. Pale palikuwa na mkunga, mshauri wa unyonyeshaji, vitu vya kuchezea, mtu wa kukusaidia fomu ya kazi, na mara nyingi darasa la Kiingereza huku mtoto anaangaliwa chumba cha pili. Wanawake wengi wa jamii zetu waliofika miaka ile, wawe wa Barawa, wa Unguja au wa Bukavu, walianza kutoka nje ya nyumba zao kwa kwenda kituoni. Hawakwenda kwa sababu ya siasa ya serikali. Palikuwa na joto, na palikuwa na wenzao.

Kisha fedha ambazo serikali kuu huzipa halmashauri za miji zikakatwa karibu nusu kati ya 2010 na 2018. Halmashauri haiwezi kuacha kuwahudumia wazee wasiojiweza wala watoto walio hatarini, kwa kuwa sheria inailazimisha. Ikakata kile ambacho haikulazimishwa kukipa fedha kama zamani. Mfuko wa Sutton Trust ulikadiria mwaka 2018 kwamba vituo hadi 1,000 vilikuwa vimefungwa, na vingi vilivyobaki vilibaki kwa jina, mlango unafunguliwa siku mbili kwa wiki. Madarasa ya Kiingereza kwa wageni nayo yalipoteza zaidi ya nusu ya fedha zake za serikali. Halafu waziri anasimama jukwaani kuwalaumu wanawake wahamiaji kwa kutojua lugha.

Mwaka 2024 taasisi ya utafiti wa kodi na matumizi ya serikali, IFS, ilitoa matokeo yake: watoto waliokulia karibu na vituo hivyo walifanya vizuri zaidi katika mitihani yao ya umri wa miaka 16, na waliofaidika zaidi ni watoto wa masikini. Hesabu nzuri, ila imefika vituo vimekwisha kugeuzwa kuwa shule za chekechea za kulipia au vimefungwa kwa kufuli.

Kituo kikifungwa, kazi yake haifi. Inahamia kwa mama, kwa shangazi, kwa binti mkubwa anayekosa shule kumwangalia mdogo wake. Wanauchumi wa serikali huandika kuwa wameokoa fedha. Kazi ile ile inafanywa, tofauti ni kwamba sasa haimo katika vitabu.

Wala tusiwasahau wale ambao hata hicho kinachokatwa hawakuwahi kukipata. Wengi wa wasomaji wetu walioko hapa wana viza yenye maneno kuwa mwenye nayo haruhusiwi kutumia fedha za umma. Tangu Julai 2012 sharti hilo liliwekwa pia kwa wazazi wanaokaa kwa haki ya familia, ambao watoto wao pengine ni raia. Wanafanya kazi, wanalipa kodi, na juu yake wanalipa tozo ya afya, iliyokuwa Pauni 200 kwa mwaka ilipoanza 2015 na kufika Pauni 1,035 kwa mtu mzima Februari 2024. Posho ya watoto hawaipati hata senti. Hawa hukimbilia vituo vya kugawa chakula. Mtandao wa Trussell peke yake uligawa vifurushi kama 61,000 mwaka 2010/11. Mwaka 2023/24 vilizidi milioni 3.

NYUMBANI NAKO

Msomaji aliyeko Tanga au Mombasa anaweza kuuliza yanamhusu nini. Kwanza, hadithi hii anaijua. Ndiyo ile ile ya "kuchangia huduma" iliyoletwa kwetu kwa masharti ya wakopeshaji, Kenya ilipoanza kutoza ada katika hospitali za serikali mwaka 1989 na Tanzania ikafuata mwaka 1993. Aliyeuza kuku ili mtoto atibiwe hakuwa waziri wa fedha.

Pili, Pauni inayokatwa huku haiishii huku. Mama yule wa Lamu alikuwa akimtumia mamake Pauni 60 kila mwezi kwa simu, za dawa ya sukari na unga. Baada ya mtoto wa tatu zikawa 30, kisha zikawa za Ramadhani na Idi tu. Mzee hakuamini kwamba mtu wa London anaweza kukosa Pauni 60. Alidhani binti amemsahau, au mkwe amemkataza. Kulikuwa na miezi hawakuzungumza kabisa. Bajeti iliyosomwa Westminster ikavunja maelewano ya mama na mwanawe Langoni, na hakuna taasisi itakayoliingiza hilo katika jedwali.

Je, hayakuepukika? Scotland, iliyo ndani ya Uingereza hiyo hiyo, ilianza Februari 2021 kulipa posho yake ya ziada ya Pauni 10 kwa wiki kwa kila mtoto wa chini ya miaka sita wa familia yenye kipato kidogo, bila kikomo cha idadi, na kufikia Novemba 2022 ilikuwa imepanda hadi Pauni 25. Huku Mahakama ya Juu Kabisa iliamua Julai 2021 kuwa kikomo cha watoto wawili ni halali. Ilikubali kwamba kinawaumiza zaidi wanawake, ila ikasema serikali ina sababu ya kutosha na kwamba hayo ni ya Bunge kuamua. Bunge nalo lilikawia. Chama cha Labour kilirudi madarakani Julai 2024, na mwezi huo huo wabunge wake saba waliopiga kura kutaka kikomo kiondolewe wakasimamishwa uanachama wa kundi lao la bunge. Ndipo katika bajeti ya Novemba 2025 Waziri wa Fedha Rachel Reeves, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo, akatangaza kuwa kikomo kitaondolewa kuanzia Aprili 2026. Serikali ilikadiria kuwa watoto 450,000 watatoka katika umasikini kabla ya kipindi cha bunge hili kumalizika.

Jioni ya tangazo lile simu yangu ililia. Alikuwa mama wa Lamu. Sikuwa mkalimani wake tena kwa miaka mingi, na Kiingereza sasa anakijua, lakini alitaka kusikia kwa Kiswahili. Kichanga cha mwaka 2018 kina miaka saba, anasoma darasa la tatu. Nikamweleza kwamba mwanawe atahesabiwa. Akauliza kama watalipa na miaka iliyopita. Nikamwambia hawatalipa.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kuhusu kile kikomo kingine, cha jumla ya misaada ambayo kaya moja inaweza kupokea, kilichowekwa mwaka 2013 na kupunguzwa mwaka 2016, ambacho katika tangazo lile hakikuguswa. Kodi ya nyumba yake imepanda, na saa za kazi hospitalini zimepunguzwa. Aliogopa kwamba watampa kwa mkono huu na kuchukua kwa ule. Nilimwomba anisomee barua ya mwisho aliyopelekewa, tukaanza kupiga hesabu kwa simu, tarakimu kwa tarakimu.